Moshi Uliomfukiza Fina

Nilikuwa Uvira nikingoja lori la kunipeleka kusini, nimekaa juu ya mzigo wangu mbele ya garaji ya mtaani, wakati kijana fundi alipotoka chini ya teksi akamwonyesha mwenye gari bomba la moshi alilolihamisha kutoka kulia kwenda kushoto. Kazi ilikuwa nzuri. Kisha akauliza matundu ya zamani, yale ya bolti za mwanzo, ayafanyeje. Mwenye gari alicheka, akatoa kinywani shingami aliyokuwa akiitafuna na kumwambia azibe nayo. Sikuwa na gari pale wala neno la kusema, lakini niliinuka nikahamisha mzigo wangu hadi upande wa pili wa barabara. Ni harufu ile. Nimepita miji mingi tangu nitoke kwetu, nimelala katika nyumba ambazo majina ya wenyewe nimeyasahau, na kila mahali moshi wa gari ukipanda kutoka chini, mashavu yangu yanapata moto kama ya msichana anayechekwa mbele ya watu.

Ninyi wa umri wangu mliokulia milima ya Masisi kabla ya uhuru mnajua ilikuwa na maana gani mtu mweusi kuwa na gari lake mwenyewe. Papa alikuwa mchuuzi wa maziwa. Aliyakusanya kwa wafugaji mlima hadi mlima na kuyapeleka misheni na kwenye plantesheni, kwanza kwa mabega ya vijana, kisha kwa kamyoneti kuukuu aliyoinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mbele ilikuwa na kiti kimoja kirefu. Nyuma ilikuwa na sakafu ya bati nene, mbavu za chuma, na turubai la kuzifunika mvua inaponyesha. Sisi watoto tuliijua sauti yake ikiwa bado ng'ambo ya bonde, na tulipoisikia tulitembea polepole, ili wenzetu waone kwamba kwetu sisi si jambo la kukimbilia.

Lakini gari lile lilikuwa na aibu yake. Bomba la moshi, ambalo tuliliita eshapema kama mafundi, lilitokea nyuma kabisa, chini ya mahali tulipopandishia bidoni za maziwa. Na injini haikuzimwa wakati wa kupakia, kwa sababu ikizimwa ilitaka mteremko na wanaume wa kusukuma ndipo iwake tena. Basi moshi uliingia katika maziwa kabla vifuniko havijafungwa. Watu wa ng'ombe hawana msamaha katika jambo hilo. Mama alisugua vibuyu vyake, akavianika, akavifukiza kwa moshi wa majani aliyoyachuma mwenyewe, mpaka maziwa yakakaa na harufu ambayo hata leo siwezi kuieleza bila kumeza mate. Moshi huo ni heshima. Moshi mwingine wowote ni tusi. Wafugaji wakaanza kusema kwamba maziwa ya Papa yamekojolewa na mutokari, na maneno hayo yakatutangulia kisimani.

Papa akamwita Alfonsi, fundi wa plantesheni ya jirani. Walilala chini ya gari siku nzima, wakakata bomba, wakalipindisha, wakalitoa ubavuni mbele ya gurudumu la nyuma. Chuma cha kulishikilia kilikaa vibaya, wakatoboa sakafu kwa keekee mahali pengine. Hapo napo palikuwa vibaya, wakatoboa tena. Jioni bomba lilikaa imara, na sakafu ilibaki na matundu yasiyo na kazi, kila moja likiwa na upana wa kumeza kidole cha mwisho cha mtu mzima. Alfonsi alisema ataleta vipande vya bati na riveti kutoka Goma, Papa asubiri.

Papa hakusubiri. Baba yake alikuwa mfuga nyuki, na mizinga ya nyuki kwetu huzibwa kwa mavi mabichi ya ng'ombe yaliyokandwa na majivu. Ndivyo tulivyoziba pia vikapu vya kuwekea maharagwe, na kuta, na sakafu ya nyumba tuliyolala. Hakuna mtu kwetu aliyeona mavi ya ng'ombe kuwa uchafu. Nilimshikia Papa kikapu akikanda na kushindilia tundu baada ya tundu, akilainisha kwa kidole gumba kama Mama anavyolainisha mdomo wa chungu. Yalipokauka aliyagonga kwa funguo, yakalia kama tofali. Bidoni zikapakiwa, maziwa yakafika misheni bila harufu yoyote, na yale maneno ya kisimani yakafa. Nilimwona Papa kuwa mtu anayeweza kutengeneza kitu chochote duniani.

Ndipo dada yangu Fina akaposwa. Posa ilitoka upande wa Kalembe, kule milima inakoanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale, kwa familia ya ng'ombe iliyohamia huko miaka mingi nyuma. Kwetu baba hasemi mwenyewe mbele ya bakwe zake, jamaa wanaomwoa binti yake. Anakaa, ananyamaza, na msemaji wake anasema kwa niaba yake, na akisema limesemwa. Msemaji wetu alikuwa Mzee Bahizi, mtu wa maneno matamu, na katika maneno hayo aliahidi kwamba mtoto wetu atafika kwao bila kugusa udongo wa njia, ndani ya mutokari ya baba yake. Watu wa Kalembe walipenda sana neno hilo.

Bibi-arusi wetu husafiri amefunikwa. Hasemi, hainui uso, halalamiki, mpaka afike kwenye lango la kwao mwanamume na shangazi wa bwana-arusi ampe maziwa. Akiyanywa amekuwa wao. Misa ingefuata Jumapili katika kanisa la kwao, lakini bila maziwa yale hakuna ambaye angempeleka kanisani. Mama mzazi haendi, ndiyo desturi. Anakwenda mdogo wa kike, akae karibu na bibi-arusi njiani. Nilikuwa mimi.

Asubuhi ya safari Mama aliwasha majani yake ndani ya kigae, akamkalisha Fina juu ya kigoda, akamfunika kwa shuka, na moshi ukapanda ndani ya nguo zake na nywele zake. Fina alicheka chini ya shuka, akasema anachomwa kama kibuyu. Mama hakucheka. Alimwambia ajifunze kunyamaza tangu sasa. Kisha wakamwingiza nyuma ya gari, juu ya majani makavu na mikeka mipya, na turubai, ambalo katika safari za maziwa liliachwa wazi pembeni, siku hiyo likafungwa kamba pande zote ili jicho la mtu lisimwone. Papa alikaa mbele kwa usukani, amevaa koti jeupe na suruali yake nyeupe ya kitani. Mzee Bahizi alikaa kando yake. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwenye mlango wa gari, na kwa sababu nilikuwa mtoto nilifungua pembe ya turubai, nikatoa kichwa nje na kutazama njia inavyotukimbia.

Njia ilikuwa mawe na mashimo. Tulipokwisha kuacha nyuma vijiji ninavyovijua, niliingiza kichwa kumtazama dada yangu, nikaona moshi. Ulikuwa mwembamba, rangi ya buluu, unapanda kati ya mikeka kando ya miguu yake na kupotelea chini ya shuka lake. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Papa alikuwa amemwekea Fina ufukizo wa njia nzima. Ndiyo maana walitoboa matundu yale mengi pamoja na Alfonsi. Mama alimfukiza kwa kigae kidogo, na Papa, mtu wa gari, anamfukiza kwa gari. Niliona wivu mkubwa. Niliwaza kwamba siku yangu ikifika kamyoneti itakuwa imekufa. Fina alikuwa ameinamisha kichwa magotini, na mara moja aliunyosha mkono wake kutoka chini ya shuka na kuushika mguu wangu kwa nguvu. Nilidhani anafurahi. Niliubembeleza ule mkono, nikarudisha kichwa changu nje.

Watu wa Kalembe walikuwa wamejipanga kwa nyimbo pande zote mbili za lango. Gari liliposimama walifungua turubai, na wanawake wawili wakamshusha Fina wakimshika mabega. Alipiga hatua chache. Kisha magoti yake yakakunjika, akaanguka juu ya mkono mmoja na kutapika, pale pale langoni, mbele ya shangazi aliyekuwa ameshika chombo cha maziwa kwa mikono yote miwili.

Wimbo haukukatika ghafla. Ulipungua, sauti moja moja, kama mvua inavyoacha. Shangazi yule walimwita Masenge. Alikuwa mzee, macho yake yamefunikwa na weupe, na hakuona kilichotokea, alikisikia. Aliuliza, na mtu akamnong'oneza. Akakishusha kile chombo, akampa msichana aliyekuwa nyuma yake, na msichana akakirudisha ndani ya nyumba. Hapo niliona uso wa Papa ukibadilika, ingawa sikujua sababu. Wanawake walimbeba Fina hadi kivulini. Nilisikia mmoja wao akisema bila kujificha, "Bibi-arusi ya kutapika asubuhi. Ile tunaijua."

Wanaume wakaketi. Baba wa bwana-arusi, kwa kinywa cha msemaji wao, aliuliza kwa adabu kama mtoto aliondoka kwao akiwa mzima. Bahizi akajibu kwamba aliondoka mzima. Wakauliza, bado kwa adabu, kama huenda ni safari, au ni ile mutokari. Leo naona kwamba walikuwa wanatufungulia mlango. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Papa, nikaona shingo yake ikitoa jasho. Lakini si yeye wa kusema. Bahizi alikuwa ameisifu mutokari ile tangu siku ya posa, akalisikia swali hilo kama tusi.

"Mutokari yetu iko nzima," akasema. "Maziwa inatembea ndani yake kila siku na haiharibike. Na muangalie huyu mutoto mudogo. Alikuwa naye ndani, iko anaruka kama mbuzi."

Wote wakanigeukia. Sijapata tena kuona aibu ya kuwa mzima. Nilitamani kichwa kiniume, nilitamani nitapike mimi pia, lakini mwili wangu ulikuwa mwepesi na tumbo langu lilikuwa linadai chakula. Msemaji wao akasema maneno ya mzunguko kuhusu ng'ombe anayenunuliwa na ndama wake tumboni. Vijana kwenye ukuta wakacheka kwa pua. Papa aliendelea kutazama mikono yake.

Masenge akataka niletwe kwake. Alinishika kidevu kwa vidole vikavu, akaniuliza Fina alikula nini njiani.

Nikasema hakula kitu. Alikuwa anafukizwa.

"Anafukizwa na nani?"

"Na mutokari ya Papa," nikasema kwa fahari, maana hilo nililijua vizuri. "Moshi inatokea chini, ku matundu. Papa alimutobolea."

Sasa walicheka waziwazi, na kicheko kile kilinipata mwili mzima. Sikujua nimesema kosa gani. Bahizi aliwaambia wasimsikilize mtoto, kwamba alilala njiani na kuota. Neno la msemaji lilikuwa limekwisha kusemwa, na kwetu neno hilo haligeuzwi na mtoto, wala na baba.

Papa akasimama. "Mutoto hakuota," akasema.

Bahizi alimwita kwa jina lake la ubatizo, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba suruali iko wazi. Papa hakugeuka. Alisema mbele ya bakwe zake wote kwamba matundu aliyaziba yeye, kwa mavi na majivu, kama mzinga wa nyuki, na kwamba joto la eshapema na mawe ya njia yamemwaga kila kitu. Akawaomba waje waone. Alitoa mikeka na majani, akawasha gari kwa msaada wa wale wale vijana waliocheka, wakalisukuma hadi likakohoa. Moshi ukajaa uani. Wanaume walichungulia ndani na kutikisa vichwa. Mmoja alisema moshi umepita ubavuni na kuingia kwa juu, si kwa chini. Mwingine akasema yale madoa meusi ni uchafu wa bidoni.

Na hata kama wangeamini wote, chombo cha maziwa kilikuwa cha Masenge, na Masenge haoni. Walimpandisha juu ya sakafu ya gari, akapiga magoti, akapapasa bati kwa viganja. Akasema anasikia mavumbi ya mavi. Matundu hakuyasikia, maana mikono yake ilikuwa migumu kwa kazi ya miaka yote. "Bananiambia iko tundu," akasema. "Hata mimi nikitaka kumuokoa mutoto wangu nitasema iko tundu."

Hapo Papa alivua kofia, akaiweka juu ya boneti, akalala chali kwenye matope ya ua ule na kuingia chini ya gari, injini ikiwa inanguruma.

Fikirini koti lile jeupe. Fikirini mtu ambaye mbele ya bakwe hapaswi hata kutafuna kwa sauti. Kilichobaki kuonekana kilikuwa miguu yake kuanzia magoti, viatu vinatazama mbingu, na watoto wa pale wakaja kusimama kando yangu kuitazama. Mmoja aliniuliza kama yule ndiye papa yangu, tajiri wa mutokari. Nilitazama chini. Suruali ilikuwa imepanda hadi katikati ya ugoko, na ugoko ulikuwa mwembamba, wenye makovu ya zamani ya mchunga ng'ombe. Sikuweza kuvumilia watu wauone. Nilichuchumaa, nikashika upindo wa suruali kwa mikono miwili na kuuvuta chini, nikabaki hapo nimeushika.

Juu ya sakafu, kidole kikatokea. Watu walipiga kelele ndogo, halafu wakacheka, hata baba wa bwana-arusi alicheka. Kilikuwa kidole cha mwisho cha Papa, kimechafuka, kinajikunja na kujikunjua kama funza. Walimwongoza mkono Masenge mpaka akakipata. Alikishika. Kicheko kikaisha polepole, kwa sababu yeye hakucheka. Alikichunguza ukucha, kiungo, mizizi yake mahali kinapozama katika bati, kama anavyochunguza mtu chuchu ya ng'ombe mgonjwa.

"Njo nani?" akauliza akiinama.

"Njo mimi," Papa akasema kutoka chini. "Papa ya Fina."

"Iko moto, kidole yako."

Kidole kikatulia mkononi mwake.

Masenge akaketi vizuri, bado amekishika. Akasema maziwa yaletwe na bibi-arusi aletwe. Yule msichana akaenda ndani kwa mwendo wa heshima, kama inavyotakiwa. Fina akainuliwa, akafutwa uso, akafunikwa upya, akaletwa hatua kwa hatua. Yote hayo yalichukua muda wake, na Masenge hakukiachia kidole kile. Mkono mmoja ulikuwa nacho, na mwingine ulikuwa wazi kupokea chombo. Chini, mguu niliokuwa nimeushikia suruali ulianza kutetemeka. Ulitetemeka vibaya, hadi kisigino kikawa kinachimba matope. Nilidhani Papa anacheka pamoja nao. Niliona aibu kuliko zote nilizoziona siku ile, kwamba watu wanatucheka naye anacheka, na nikaubana mguu kwa nguvu ili wasione.

Fina alikunywa. Wanawake wakapiga vigelegele, wimbo ukaanza upya, na kidole kikaondoka sakafuni.

Papa alitoka chini ya gari akiwa na matope kuanzia kisogoni hadi viatuni. Alivuta mkono wa kulia wa koti lake hadi kwenye vifundo vya vidole, akafunga kifungo, akasalimia watu wote kwa mkono wa kushoto akiomba radhi kwamba ule mwingine ni mchafu. Hakukaa kula. Njiani kurudi tuliacha turubai wazi. Mzee Bahizi hakumsemesha, nami nilikaa kati yao nikitazama mbele, nikiomba tusikutane na mtu anayetujua. Nilishangaa tu kwamba Papa anaendesha kwa mkono mmoja.

Nyumbani mwanga ulikuwa bado upo. Mama alitaka kumvua koti lile kabla matope hayajakauka, na mkono wa kulia haukukubali kutoka. Alileta mkasi akaukata kitambaa kuanzia kifundo hadi kiwiko, akalowesha kwa maziwa palipogandamana, akakibandua polepole. Eshapema ilikuwa imemlalia urefu wote wa mkono. Nilikuwa mlangoni nikaona. Mama hakulia, aliendelea kumimina maziwa na kuuliza habari za Fina, kama amekunywa yote, kama Masenge amempokea vizuri. Kisha akauliza kwa nini hakuutoa mkono.

"Masenge alikuwa anashika kidole," Papa akasema.

"Na ungepiga kelele. Ungemuambia unaungua."

Papa alimtazama Mama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo hadharani.

"Kwa bakwe?" akasema.